Wananitaka niandike barua ya kuacha kazi ambayo siiachi

BARUA

Shikamoo Mjomba,

Naomba jina langu usilitoe. Naishi Mafinga, nina watoto wawili, na nafanya kazi kwenye kiwanda cha plaiwudi. Niliingia mwaka 2012 kama kibarua wa kuanika vinia, yaani zile karatasi za mti zinazogandishwa kuwa plaiwudi. Tulikuwa tunaandikwa kwenye daftari getini asubuhi na kulipwa kwa siku. Mwaka 2014 nikapewa mkataba, nikaanza kukatwa NSSF, na sasa niko kwenye mashine ya gundi. Mshahara wangu wa msingi ni shilingi 260,000.

Wiki iliyopita walituita kantini watano watano. Mezani palikuwa na karatasi mbili kwa kila mtu, zote zimeshachapwa na majina yetu yamo. Ya kwanza inasema: "Mimi niliyetajwa hapo juu nimeamua kwa hiari yangu kuacha kazi kuanzia mwisho wa mwezi huu." Ya pili ni mkataba na wakala, miezi mitatu mitatu, kazi ile ile, mashine ile ile. Kalamu imefungwa kamba kwenye mguu wa meza, na kidau cha wino wa dole gumba kipo pembeni kwa wasiojua kusaini. Afisa rasilimali watu akasema ni utaratibu tu wa makaratasi, hakuna atakayepoteza kazi, ila asiyesaini hadi Ijumaa ijayo atakuwa amejitoa mwenyewe.

Nilimuuliza miaka yangu inakwenda wapi. Akacheka, akasema, "Mama, miaka haiendi popote, unaanza upya ukiwa na uzoefu." Wenzangu wawili walisaini pale pale. Mimi nilisema miwani nimeiacha nyumbani, nikatoka.

Mjomba, kinachoniuma zaidi ni huu uaminifu wangu. Mwaka 2020 korona ilipokuja na oda zikapungua, tulikubali nusu mshahara kwa miezi kadhaa. Mkurugenzi alisimama mbele yetu sehemu ya kupakia mzigo akasema sisi ni familia moja, hatatusahau. Kuna kiwanda kingine kiliwahi kuniita kwa mshahara mzuri kidogo, nikakataa, nikaona nitakuwa msaliti. Vijana watatu waliopo kwenye mashine sasa nimewafundisha mimi. Leo naambiwa nianze upya.

Nyumbani nako kila mtu na lake. Mama yangu anasema nisaini na nishukuru, maana mwajiri ni mzazi na mzazi habishiwi. Baba alifanya kazi kiwanda cha karatasi Mgololo, na mama bado anakumbuka nyumba ya kampuni, zahanati na basi la kuwachukua wanafunzi. Mume wangu anasema nisaini, halafu tuuze shamba letu la misindano, ekari moja, miti ina miaka sita, dalali ameshakuja kuiona. Ikiwa haitatosha tuchukue na mkopo wa haraka tununue bajaji. Na mtoto wangu wa kidato cha nne aliyasikia yote hayo, akaniuliza, "Sasa mama, mimi nasoma ili iweje?" Nilikosa jibu.

Nisaini au nisisaini? Na je, nilikuwa mjinga miaka yote hii?

Mama wa Mashine ya Gundi, Mafinga

JIBU LA MJOMBA

Marahaba mpwa wangu. Kamwene.

Usisaini ile karatasi ya kwanza. Hata wakikuongezea muda, hata wakikuletea soda. Ya pili tunaweza kuijadili, ya kwanza haina mjadala, na ile miwani uliyoisahau imekufaa kuliko ungekuwa nayo.

Tuanze na fedha, kwa sababu hapo ndipo utaona kwa nini wanaing'ang'ania karatasi hiyo. Mwajiri anayepunguza watu, au anayetaka kuwahamishia kwa mtu mwingine, ana njia yake kisheria. Njia hiyo imo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 38. Anatakiwa atoe taarifa mapema kwamba ana nia hiyo, aeleze sababu, akae na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe, wajadiliane namna ya kuepusha jambo hilo, nani aguswe, lini, na alipwe nini. Ni njia ndefu na ina gharama. Barua ya "kwa hiari yangu" inairuka yote kwa saini moja. Anayeacha kazi mwenyewe hakupunguzwa, na asiyepunguzwa hadai malipo ya kupunguzwa.

Sasa piga hesabu yako. Kiinua mgongo kwa mujibu wa sheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Kwa anayefanya kazi siku sita kwa wiki, shilingi 260,000 kwa mwezi ni kama 10,000 kwa siku. Siku saba ni 70,000. Mara kumi, laki saba. Anayelipwa kwa mwezi ana haki ya taarifa ya siku 28 au malipo badala yake, kwa hiyo weka kama mshahara wa mwezi mwingine hapo. Halafu NSSF wana fao la upotevu wa ajira: aliyechangia angalau miezi 18 hupewa theluthi ya mshahara wake kwa miezi sita. Kwako ni zaidi ya elfu 86 kwa mwezi, jumla kama laki tano na ishirini. Sharti moja la fao hilo ni kwamba usiwe umeacha kazi kwa hiari. Umeona sasa neno "hiari" limewekwa pale kufanya nini?

Jumla ni kama milioni moja na nusu. Najua milioni na nusu haijengi nyumba, na nakiri sheria yenyewe ni bahili: siku saba kwa mwaka ni kidogo mno kwa mtu aliyenusa gundi muongo mzima, na kikomo cha miaka kumi maana yake mwaka wako wa kumi na moja na wa kumi na mbili hauongezi hata senti. Lakini hiyo ni fedha yako. Izidishe kwa idadi ya watu mlioitwa kantini, utajua kwa nini mtu wa ofisini ana haraka ya Ijumaa.

Kuna na kitu kisichohesabika kwa shilingi. Mkataba wako wa sasa, kama haukuandikwa mwisho wake, ni wa muda usiojulikana. Kukuondoa lazima pawe na sababu halali na utaratibu wa haki. Mkataba wa miezi mitatu hauhitaji kukufukuza. Unaisha wenyewe, hauongezwi, unaambiwa asante. Ukipata mimba, ukiumwa mgongo, ukichaguliwa kuwa mwakilishi wa wenzako, unasubiriwa tu tarehe ifike. Zamani sheria iliruhusu mikataba ya muda maalum kwa wataalamu na viongozi pekee. Marekebisho ya mwaka 2025 yameongeza orodha, zikiwemo kazi za msimu na pale kazi inapoongezeka kwa muda. Ila mashine ya gundi inayozunguka Januari hadi Desemba, mwaka baada ya mwaka, siioni ikiitwa ya msimu, hata mvua za Mufindi zinyeshe vipi.

Kuhusu wakala. Usimwogope, mhoji. Ana leseni ya wakala wa ajira? Mwaka 2014 Serikali ilitoa kanuni kwa sababu hii hii ya mawakala kugeuka waajiri wa watu wanaofanya kazi kwenye kiwanda cha mwingine. NSSF atapeleka nani, yeye au kiwanda? Na ukipoteza kidole kwenye mashine, nani amekuandikisha Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ule wa WCF ambao mwajiri ndiye anayechangia na wewe hukatwi kitu? Majibu ya maswali hayo yawe kwenye karatasi. Nimefanya kazi ya utumishi viwandani muda mrefu kabla sijastaafu, na nimeona jinsi jeraha la mfanyakazi wa wakala linavyozungushwa: kiwanda kinasema si wetu, wakala anasema lilitokea kwao, na mtu yuko wodini amefungwa bandeji.

Ijumaa ikifika, fanya hivi. Andika barua fupi kwa mkono, useme umeiona karatasi, hujaomba kuacha kazi na huna nia hiyo, uko tayari kuendelea na kazi na uko tayari kwa mazungumzo yoyote ya kisheria kuhusu mabadiliko. Tia tarehe. Ipeleke nakala mbili, moja wagonge mhuri au mpokeaji aandike jina, ubaki nayo. Wakikataa kupokea, nenda na mwenzako awe shahidi, au itume kwa simu kwa yule afisa ili ibaki kumbukumbu. Usigombane, usipaze sauti, na Jumamosi nenda kazini saa ile ile kama kawaida. Mtu aliyejitoa haonekani getini saa moja asubuhi akiwa na kofia na glavu.

Usiende peke yako kama unaweza. Uliza kama kiwandani kuna tawi la chama. Wa viwandani kwa kawaida ni TUICO, wa mashambani ni TPAWU. Kama tawi lipo lakini limelala, liamsheni. Kama halipo, watu kumi wenye barua kumi zinazofanana ni tofauti sana na mama mmoja mwenye miwani.

Wakikuzuia getini au wakikuandikia umeachishwa, siku hiyo hiyo anza kuhesabu. Una siku 30 kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, na kwa huko ulipo nenda ofisi yao ya Iringa. Unajaza fomu namba moja, unampa mwajiri nakala, mnaitwa kwenye usuluhishi kwanza. Si lazima uwe na wakili. Ukizidisha siku 30 utalazimika kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini ulichelewa, na "nilikuwa namsubiri meneja arudi safari" si sababu inayompendeza mtu. Waambie na wale wawili waliosaini. Saini iliyochukuliwa kwa kutishwa, karatasi ikiwa imeshachapwa na mtu mwingine, ina la kusemewa mbele ya Tume, ila kwao saa imeshaanza kukimbia.

Miaka yako miwili ya daftari usiitupe pia. Sheria ya Taasisi za Kazi, kifungu cha 61, haiangalii umeitwa kibarua au nani. Inaangalia kama ulikuwa chini ya maelekezo ya mtu, kama saa zako zilipangwa naye, kama vifaa vilikuwa vyake, kama riziki yako ilimtegemea. Ukiwa umefanya kazi kwa mtu wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu, unachukuliwa ni mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Saa 45 kwa mwezi! Nyinyi mlikuwa mnazimaliza ndani ya wiki moja ya kuanika vinia. Kwenye kiinua mgongo miaka hiyo haitakuongezea kitu, umeshafika kikomo. Itakusaidia kwenye kuonyesha ulianza lini, na itawasaidia zaidi vijana waliopo kwenye daftari hilo leo. Wafundishe na hili, kama ulivyowafundisha gundi.

Sasa swali lako la pili, la ujinga.

Mama yako msikilize vizuri, maana hadanganyi. Anachokumbuka kilikuwepo. Mgololo ilianza kutengeneza karatasi mwaka 1985, mji mzima ukajengwa kuizunguka. Mbeya walikuwa na Zana za Kilimo wakitengeneza majembe, na Mbeyatex ya vitambaa. Mtu akiingia huko, mtaa mzima unajua kijana ameshatoka kimaisha. Ila mama anadhani yale yalitoka kwenye moyo wa mwajiri, ndiyo maana anamwita mzazi. Yalitoka kwenye sheria na siasa ya wakati ule. Sheria ya mwaka 1962 ya kiinua mgongo. Sheria ya Usalama wa Ajira ya mwaka 1964, iliyomzuia meneja kumfukuza mtu kwa hasira zake na kuweka kamati za wafanyakazi mahali pa kazi. Mfuko wa akiba wa NPF, mwaka huo huo wa 1964, ambao ndio mama wa NSSF. Baada ya Azimio la Arusha viwanda vikubwa vikawa vya umma, na baada ya Mwongozo wa chama cha TANU wa mwaka 1971 wafanyakazi walikuwa tayari hata kumfungia nje meneja mwenye kiburi. Baba yako alikuwa mwaminifu, ndiyo, lakini uaminifu wake ulikuwa na ukuta wa kuegemea.

Ukuta ule uliliwa polepole. Viwanda vya umma vikaelemewa na madeni na mitambo mibovu, na tusijidanganye, vingine viliendeshwa hovyo kweli kweli. Miaka ya 1990 ukaja ubinafsishaji. Mgololo ikasimama, ikauzwa mwaka 2004. Mwaka huo huo ikatungwa hii tunayoitumia leo, iliyokuja kuchukua nafasi ya ile ya 1964, na ambayo kwa mambo mengi ni nzuri, ila inamtaka mfanyakazi ajue haki zake na aende kuzidai mwenyewe ndani ya siku 30. Lugha ya familia ikabaki vile vile. Mameneja wa leo wanaitumia kama waliirithi pamoja na majengo. Lakini hakuna familia inayomchapia mtoto barua ya kujifukuza, ikamwachia yeye kazi ya kusaini tu.

Kwa hiyo mjinga hukuwa. Ulipokubali nusu mshahara mwaka 2020 uliikopesha kampuni. Tatizo ni kwamba mkopo ule haukuandikwa popote. Laiti mngeomba karatasi moja tu siku ile, kwamba nusu iliyobaki italipwa oda zikirudi, leo pangekuwa na la kuweka mezani. Kama una vielelezo vya mshahara vya miezi ile, vitafute. Angalia kama kuna mtu yeyote aliyesaini kukubali makato, maana mshahara haupunguzwi kwa hotuba ya sehemu ya kupakia mzigo. Dai la zamani namna hiyo si rahisi, muda umepita sana, lakini kwenye mazungumzo linaonyesha nani alimbeba nani.

Na mkurugenzi wenu simwiti shetani. Ana benki inayomdai, ana plaiwudi ya bei rahisi inayoshindana naye sokoni, na kila alfajiri akifungua geti anaona vijana waliomaliza shule wamejipanga wakiomba siku moja tu ya kazi. Hapo ndipo jeuri inapozaliwa. Zamani meneja alikuwa anaogopa kumpoteza fundi kwa sababu fundi mwingine alikuwa mbali. Leo wapo nje wanapiga miayo. Naelewa shida yake. Lakini shida ya biashara inazungumzwa mezani, kwa kifungu cha 38, haipenyezwi chini ya kalamu iliyofungwa kamba. (Kamba hiyo imenichekesha, nakiri. Kampuni inayoogopa kuibiwa kalamu ya shilingi mia tatu.)

Fanya kazi yako vizuri kama zamani, kwa sababu ufundi ni wako na kiwanda cha jirani kimeshauona. Kikikuita tena, sikiliza bei yao, uliza mkataba wao, na ukienda usijione msaliti hata kidogo. Kuna watu wataniandikia kwamba Mjomba anaharibu wafanyakazi. Waandike.

Nije kwa mume wako, na hapa nitasema kwa ukali kidogo, anisamehe shemeji yangu. Usiuze misindano ya miaka sita! Wewe unashinda kwenye kiwanda kinachomenya magogo, unajua mwenyewe mti mwembamba unatoa nini. Kwa umri huo dalali anainunua kwa bei ya fito na kuni, na wengine wanaiacha hapo hapo ikue, waje waivune wao ikishanenepa. Miti hiyo ikifika miaka kumi na miwili au kumi na mitano inaanza kuitwa mbao, na ndiyo ada za chuo za huyo anayekuuliza anasoma ili iweje. Kwa watu wa Mufindi na Njombe, ekari ya misindano ndiyo pensheni ambayo hakuna ofisi inayoweza kukuandikia umeiacha kwa hiari. Kitu cha kuhangaikia ni moto: kiangazi kikianza Juni, safisheni barabara ya kuzuia moto kuzunguka shamba, mshirikiane na jirani, maana moto hauulizi mpaka.

Na ule mkopo wa haraka, nadhani ni wa kausha damu, jina lenyewe limeshatoa ushauri. Bajaji si mbaya kama biashara, ila bajaji ya mkopo wa riba ya wiki, Mafinga ambako kila kona ina kijiwe cha bajaji, inakwenda kumfanyia kazi mkopeshaji. Kama kweli mnataka mtaji, halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 kati yake ni ya vikundi vya wanawake. Ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka uliofuata kwa utaratibu mpya. Nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata, uulize masharti ya kikundi. Inachukua muda na ina usumbufu wake, sikufichi. Anzeni wewe na wale wenzako wa mashine, mnafahamiana kuliko kikundi cha kuokotezana.

Mwanao mwambie anasoma ili siku akiletewa karatasi kantini aisome hadi mwisho kabla ya kushika kalamu. Mengine atayaona mwenyewe akikua. Kama anapenda mashine, muulize kuhusu VETA, asione ni daraja la walioshindwa. Fundi umeme wa viwandani halali njaa huko Mufindi.

Kabla ya Ijumaa nenda NSSF uombe taarifa ya michango yako yote tangu 2014, mwezi kwa mwezi. Sheria inataka jumla ya asilimia 20 ya mshahara, na kwako wewe wasikate zaidi ya asilimia 10. Wapo waajiri wanaokata na wasipeleke, na hao mara nyingi ndio wenye haraka ya kubadilisha majina ya waajiri. Ukikuta miezi imerukwa, hilo nalo lina ofisi yake, ni hao hao NSSF, na Afisa Kazi wa mkoa naye aelezwe.

Mama msalimie sana. Mwambie sikatai kwamba Mgololo kulikuwa na basi. Na wakikujibu kwa maandishi, funika majina kwa karatasi, upige picha, unitumie nikusomee kabla hujasaini chochote.

Mjomba